Siku niliyolala sakafuni dukani kisa hema

Mi ni mrefu, sentimita 188, kwa hiyo lebo ya hema huwa siiamini mpaka nijilaze. Siku nimeenda kununua hema la kulala mtu mmoja nilikuwa nimeshachuja mpaka nimebaki na mawili. La kwanza tabaka moja tu, halina nguzo, unalisimamisha kwa fimbo zako za kutembelea, lebo inasema gramu 750. La pili matabaka mawili, neti ndani na kifuniko cha mvua nje, nguzo zake za alumini, kilo 1 na gramu 150. Tofauti gramu 400, na ukiwa unaenda peke yako hakuna wa kugawana naye mzigo, jiko lako, maji yako, hema lako, gramu 400 sio utani.

Nikamuuliza dada muuzaji kama naweza kuyafungua yote. Akaangalia watu, akaangalia sakafu, akasema fungua tu kaka, ila utakunja mwenyewe. Basi nikatoa godoro langu la upepo na begi la kulalia, nilikuja navyo makusudi, nikaanza kupuliza pale pale watu wanapita wananikodolea macho.

Lile jepesi likagoma kusimama. Sakafu ya simenti, kigingi utachomeka wapi? Ikabidi tufunge kamba kwenye miguu ya rafu, na mi safari yenyewe nilikuwa naenda kwenye miamba, yaani nikaanza kuingiwa na wasiwasi kabla hata sijaingia ndani. Nikajilaza. Urefu walioandika ni sentimita 220 na hawajadanganya, ila hizo ni za chini, kitambaa kinashuka kwa mteremko, sasa ukishakuwa juu ya godoro halafu begi limevimba, vidole vya miguu vinagusa ukuta. Na ukuta wa tabaka moja alfajiri unakuwa umelowa kwa pumzi yako mwenyewe, begi langu ni la manyoya, yakilowa hayapashi tena joto. Halafu ni naironi, ikipata mvua inalegea, utoke usiku ukakaze kamba, aisee.

La pili likasimama lenyewe. Nikakaa kitako kichwa hakigusi, miguu nayo ikabaki na nafasi, na mlango uko ubavuni, nje yake kuna kibaraza kidogo cha kuweka begi la mgongoni na viatu. Bado roho inaniuma kuhusu uzito.

Dada akaleta mizani ya vifurushi. Tukapima kila kitu, vigingi, kamba, mifuko, maana ile namba ya lebo mara nyingi huwa haina hivyo vitu. La kwanza likaja gramu 940, la pili 1,320. Hapo ndo dada akauliza, kaka fimbo unazo? Mi natembea na moja tu, hema linataka mbili. Akaweka fimbo moja juu ya mizani, gramu 240. Jumla 1,180. Sa hizo gramu 400 zangu zimebaki 140, hata simu yangu inazidi.

Nikachukua la pili, nikaongeza na kamba za ziada, kwa sababu linalosimama lenyewe nalo upepo ukija linaruka usipolifunga kwenye mawe. Lile jepesi nimelikunja weee, halikurudi kwenye mfuko wake mpaka dada mwenyewe akaja kushika upande wa pili.