Mwembe wa Shule, Tanga

Kamati ya shule ile ya msingi, pembezoni mwa mji wa Tanga, ilitaka neno moja tu. "Mtaalamu, mwembe utaanguka au hautaanguka?" aliuliza mwenyekiti kabla ripoti haijafunguliwa.

Hakuna mkaguzi wa miti aliye mkweli awezaye kulijibu swali hilo. Hatari hupimwa sehemu kwa sehemu ya mti, kwa kuangalia nani au nini kiko chini yake, na kwa muda uliowekwa. Sisi tuliweka miezi 12. Nikawaomba tutoke ofisini twende mtini.

Shina lilikuwa na kipenyo cha sentimita 120. Upande wa darasani, likigongwa kwa nyundo ya mpira, lilitoa mlio wa ngoma, na chini yake ulikuwa umeota uyoga mgumu wa kahawia wenye ukingo mweupe, dalili ya kuoza kwa kitako na mizizi. Nilimpa mwalimu mkuu nyundo. Aligonga, akarudi nyuma. Wateja wengi wakifika hapo husema "kata wote", kwa hiyo hapo ndipo pa kutaja vipimo. Kwa kutoboa tulipata ukuta wa mbao isiyooza, kuzunguka sehemu iliyooza, wenye unene wa sentimita 24. Ukishuka chini ya asilimia 30 ya nusu kipenyo, hapa sentimita 18, wasiwasi huwa mkubwa, ingawa hicho ni kipimo cha kukadiria tu. Shina tuliliandika hatari ya kati.

La kutisha lilikuwa tawi la mashariki: mita 9, limetoka kwenye panda iliyobana gome ndani, yaani kiungo dhaifu, na ufa umeshaanza kushuka. Chini yake watoto wa darasa la awali walisomea kwenye mabenchi. Hilo ni hatari kubwa. Lakini kuhamisha mabenchi tu, bila msumeno, kulishusha alama yake hadi hatari ndogo, na kazi hiyo ilimalizika mchana uleule.

"Kwa hiyo kati maana yake salama?" aliuliza mwenyekiti. Hapana, mzee. Maana yake ni kwamba mwenye mti aamue kama anaikubali hatari hiyo, na mkaguzi hawezi kumwamulia.

Tawi tulishauri likatwe kabla ya masika, kwa mikato mitatu. Wa kwanza unapigwa kwa chini, kama sentimita 30 kutoka shinani, hadi theluthi ya unene. Wa pili kwa juu, mbele kidogo ya huo. Wa mwisho nje ya uvimbe ulio shingoni mwa tawi. Ukianza kwa juu, tawi huporomoka na kuchana gome hadi shinani.

Tuliandika pia tusichokiona: mizizi iliyo chini ya sakafu ya zege. Na kwamba tawi likishaondolewa, hatari ya shina inabaki ya kati, hivyo likaguliwe tena baada ya miezi 12, au mara tu baada ya dhoruba. Mwalimu mkuu alisaini kuwa amepokea ripoti. Nafasi ya uamuzi tuliiachia kamati, nayo ikaandika: mti ubaki, tawi likatwe.