Mtangazaji, mwache mtu amalize basi!

Jamani, mimi ni mtu wa redio. Mechi nitaitazama kwenye runinga, lakini uchambuzi lazima niusikie redioni, hasa kile kipindi cha jioni ambacho watu watatu wanakatana kauli mpaka hujui nani anaongea.

Jana wamebishana weee kuhusu bao lililotokana na mpira wa kurusha. Mchambuzi mmoja, tena aliyecheza mpira, kashikilia kwamba mfungaji alikuwa ameotea. Msikilizaji akapiga simu, mpole kabisa: "Kaka, ukiupokea moja kwa moja kutoka kwa mrushaji, hakuna kuotea. Hata kwenye kona hakuna, wala kipa akianzisha mpira wa goli..." Hajamaliza, wakamkatia simu, tangazo likaingia! Na jamaa yuko sahihi, ni Sheria ya 11 ya soka hiyo.

Yule dada wa kipindi cha asubuhi ndiye simwachi. Anasoma kabla ya kushika maiki. Sheria ya kipa kukaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde 8 ilipoanza mwaka 2025, alituelewesha vizuri: adhabu ni kona, na refa huonyesha kwa mkono sekunde tano za mwisho. Sauti yake inaleta usingizi kidogo, sikatai.

Wale wa jioni wana utani, nacheka sana. Ila sehemu ya mwisho yote ni mikeka ya kubeti tu, odi za huku na kule. Hapo huwa nazima.