Probox inayochemsha mlimani hata baada ya rejeta, pampu na thamostati mpya

Injini ni 1NZ-FE, ile iliyomo kwenye Probox, IST na Vitz nyingi. Gari lilikuwa limekwisha kufungwa rejeta mpya, wota pampu mpya na thamostati mpya (vali inayofungulia maji ya moto kwenda kwenye rejeta), na bado likawa linachemsha. Katika maelezo yote ya mwenye gari, jambo moja lilinifaa kuliko risiti za vipuri: mjini kwenye foleni, AC ikiwa imewashwa, hakuna shida. Likibeba mzigo na kupanda mlima Kitonga, taa nyekundu ya joto inawaka.

Maelezo hayo yanapunguza kazi sana. Gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa likikimbia lina shida ya upepo: feni, relei, kava ya feni iliyosahaulika gereji siku ya kubadilisha rejeta, au mota ya mtumba iliyounganishwa waya kinyume ikawa inasukuma upepo mbele badala ya kuuvuta. Kipande cha karatasi mbele ya kondensa ya AC kinatosha kupima: feni ikiwaka kinanata. Hapa kilinata. Gari linalochemsha likiwa na mzigo lina shida ya mzunguko wa maji, udogo wa rejeta, au gesi ya moto inayopenya kutoka kwenye silinda.

Probox hii haina mshale wa joto. Ina taa ya bluu injini ikiwa ya baridi na nyekundu maji yakishapita kiasi, na kati ya hizo mbili dereva haoni kitu. Kwa hiyo nilianza na kifaa cha kuchomeka soketi ya OBD, tundu la kusomea kompyuta ya gari, ili nisome nyuzi za joto zenyewe. Vifaa vingi vya bei poa vinagoma kusoma Toyota zilizotengenezwa kwa soko la Japani, basi kijaribu kwenye gari kabla ya kukilipia. Sensa nayo inaweza kudanganya. Ikichomolewa na kupimwa kwa mita inapaswa kuwa na kilo-omu 2 hadi 3 kwa nyuzi 20, na kati ya 0.2 na 0.4 kwa nyuzi 80. Hii ilikuwa nzima. Barabara tambarare gari lilikaa kwenye 85 hadi 90, mlimani likapita 108 huku likipanda.

Kifuniko cha rejeta watu hukipuuza kwa sababu ni cha bei ndogo. Cha gari hili kimeandikwa 1.1, yaani kinashikilia presha ya kilopaskali 108 hivi. Kwa presha hiyo maji matupu huchemka karibu na nyuzi 121. Kifuniko kikivujisha, huchemka kwenye 100 kama ya chai, na ukiwa Iringa au Mbeya hata 100 hayafiki. Nilikipima kwa pampu ya presha, kikashika.

Kisha mzunguko wa maji. Kwanza hosi ya chini: injini ikiwa ya moto, pandisha mizunguko hadi 3,000 na uitazame. Hosi laini hunyonywa ikabanana, maji yakakosa njia pale pale yanapohitajika zaidi. Hii haikubanana. Pili, kipimajoto cha miale juu ya rejeta. Bati la alumini linalong'aa linasoma chini ya ukweli, kwa hiyo nabandika vipande vya utepe mweusi na kulenga hapo. Sehemu iliyoziba huonekana baridi katikati ya joto. Hata rejeta mpya huziba, fundi akipaka silikoni nyingi kwenye pampu na ile iliyofinywa ndani ikakatika. Sikuona doa la baridi. Unene wa moyo wa rejeta ulikuwa milimita 16, sawa na ile ya zamani. Ingekuwa imetolewa ya 26 ikafungwa ya 16, kesi ingeishia hapo.

Thamostati niliichemsha kwenye sufuria, imening'inia kwa uzi ili isiguse chini, pamoja na kipimajoto. Ya 1NZ inaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na kwenye 95 iwe imefunguka milimita 8.5 au zaidi. Ilipita. Kuna mafundi wanaoishia kuitupa thamostati wakidai hii nchi ya joto haiihitaji. Kwenye injini ambazo thamostati yake ina kisahani cha pili cha kuziba njia ya mkato, ukiiondoa njia hiyo inabaki wazi moja kwa moja, na sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Gari linachukua muda mrefu kupata joto asubuhi, halafu linachemsha kwenye mlima. Wakati wa kuirudisha, kile kijitundu chenye pini inayocheza kikae juu, hewa ipate pa kutokea.

Kilichobaki ni gesi. Kipimo kinachojulikana ni kile kichupa cha dawa ya bluu inayogeuka kijani au njano ikikutana na gesi ya moshi. Mdomoni mwa rejeta, injini ikiunguruma taratibu, dawa ilibaki bluu, na hapo ndipo wengi huiondolea lawama gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, na kurudi kununua vipuri. Ufa mdogo wa gasketi hufunguka presha ya silinda ikiwa kubwa, yaani kwenye mzigo. Gari lililosimama halina mzigo.

Kwa hiyo nilipanda nalo mlima kwa gia ndogo, nikasimama, na bila kugusa kifuniko cha moto nikapima hewa ya mdomoni mwa chupa ya akiba, maana gesi inayosukumwa kupitia kifuniko huishia humo. Dawa iligeuka njano. Chupa yenyewe ilikuwa imejaa hadi juu na mapovu yanaendelea, na injini ilipopoa maji hayakurudi kwenye rejeta yote. Tahadhari moja: tone la kulanti likiingia kwenye dawa linaiharibu, kwa hiyo punguza maji kwenye chupa kwanza.

Kujua ni silinda ipi, kipimo cha kompresheni (presha ambayo pistoni inaikandamiza ndani ya silinda) hakikusaidia. Kiwango cha 1NZ ni kilopaskali 1,471, cha chini kabisa 1,079, na tofauti kati ya silinda isizidi 98. Zote zilikuwa ndani ya mipaka. Kilichosaidia ni hewa ya kompresa: pistoni juu kabisa vali zikiwa zimefungwa, gia imeingizwa na breki ya mkono imevutwa, presha ya bar 6 kupitia tundu la plagi, macho mdomoni mwa rejeta. Silinda ya kwanza, kimya. Ya pili, mapovu. Plagi yake pia ilikuwa safi kuliko wenzake, imeoshwa na mvuke.

1NZ ina cheni, hivyo kutoa hedi ni pamoja na kufungua kava ya mbele. Bolti za hedi ni 10. Zinalegezwa kuanzia nje kwenda katikati, injini ikiwa baridi kabisa. Rula ya chuma na fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya) zilionyesha hedi imepinda milimita 0.12 kati ya silinda ya pili na ya tatu. Ukomo ni 0.05. Hedi ilikwenda kusawazishwa kwenye mashine. Uso wa bloku nilisafisha kwa kikwangulio cha plastiki na dawa tu. Bloku ni ya alumini, na msasa wa kuzungusha kwa drili unachimba mabonde ambayo gasketi ya chuma haiwezi kuyaziba. Mashimo ya bolti yapulizwe yakauke, kwani oili au maji chini ya bolti hukupa kipimo cha uongo. Bolti mpya, nyuzi zake zimepakwa oili kidogo, kuanzia katikati kwenda nje: niutoni-mita 29, kisha robo mzunguko, kisha robo nyingine.

Kujaza maji nako kuna kazi. Mfumo huu unachukua karibu lita 5. Ukitia lita 3 na ikaonekana imejaa wakati ulimwaga zote, pamoja na za kwenye bloku, ujue hewa imo. Niliinua pua ya gari, hita kwenye moto wa juu, nikajaza polepole huku nikiminya hosi, injini ikiunguruma hadi feni ikawaka na kuzima mara mbili. Kulanti nusu kwa nusu na maji ya betri yasiyo na asidi. Maji ya kisima chenye chumvi yatafunga magamba ndani ya rejeta mpya.

Kitonga, mzigo ule ule, kilele kilikuwa nyuzi 96. Kwenye chupa ya akiba nilichora mstari kwa kalamu ya wino mzito. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, mwenye gari anatazama: maji yakiwa juu ya mstari na yasishuke injini ikiwa baridi, gesi imerudi.