Nilivyolala The Myrtles na taa ikiwaka

Shoga yangu wa Mombasa ndiye aliyelipia chumba. Alikuwa anatimiza miaka arubaini, akasema hataki ukumbi wala keki, anataka kulala kwenye nyumba yenye mashetani, The Myrtles, kule Louisiana, Marekani. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu kila nyumba iliyoachwa na Mjerumani ina jini lake, na tangu utotoni tulifunzwa kuzipita mbio. Leo nitoe dola zangu nikalale ndani?

"Kwani walipa wewe? Nalipa mimi. Wewe endesha tu."

Nikaendesha. Kutoka Houston tulishika barabara kuu namba 10, tukavuka lile daraja la vinamasi vya Atchafalaya, kilomita 29 za maji na miti kushoto na kulia, tukapita Baton Rouge, kisha namba 61 kaskazini mpaka St. Francisville, Louisiana. Mchana nyumba yenyewe haitishi. Ni ndefu, baraza lake la mbele linakaribia mita 38, na nguzo zake zina urembo wa chuma uliosukwa kama lesi. Mialoni ya uani ndiyo iliyonitia wasiwasi, imening'iniza yale majani ya kijivu kama ndevu za mzee asiyesema na mtu.

Wiki nzima kabla ya safari nilikuwa nasoma. Hiyo ndiyo dawa yangu. Mimi ni muuguzi, na mgonjwa akinitisha natafuta faili lake. Basi nikalitafuta faili la nyumba. Ilijengwa 1796 na David Bradford, mwanasheria aliyetoroka Pennsylvania baada ya uasi wa 1794, wakulima walipokataa kodi ya wiski. Alikimbilia huku kwa sababu wakati huo palikuwa chini ya Hispania. Rais John Adams alimsamehe 1799. Mkimbizi, kwa hiyo, lakini mkimbizi mwenye shamba na watumwa.

Usiku tukatembezwa. Mtembezaji alijua kazi yake, sauti ikipanda na kushuka mpaka nywele zinakusimama. Akafika kwa Chloe, mtumwa aliyekatwa sikio kwa kosa la kusikiliza mlangoni, akawa anavaa kilemba cha kijani kuficha kovu. Siku moja akatia majani ya oleander, mmea wenye sumu, kwenye keki, akawaua mke wa Jaji Woodruff, mkwe wa Bradford, na watoto wawili. Shoga alinibana mkono hadi kucha zikaingia.

"Shoga, hiyo ni homa ya manjano," nikamnong'oneza.

Maana nilikuwa nimeshasoma. Sara Woodruff alifariki 1823, watoto wake wawili wakafuata 1824. Keki gani hiyo inayomuua mama leo na watoto mwaka wa pili? Mbu wa Louisiana wa enzi zile hawakuhitaji msaada wa mpishi. Na kwenye kumbukumbu za watumwa wa Woodruff hakuna Chloe.

Mwenye ushahidi ni William Winter, mwanasheria aliyeishi humo baadaye, aliyepigwa risasi hapo barazani 1871. Hadithi inasema alijikokota ndani, akapanda ngazi, akafia kidato cha kumi na saba mikononi mwa mkewe. Ukweli ni kwamba alifia palepale barazani. Najua hivyo, na bado tulipokuwa tunapanda kwenda kulala nilihesabu vidato kimoyomoyo, na cha kumi na saba nikakiruka.

Saa nne usiku nikampigia mama. Tanga ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, nikajua yuko macho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona unanong'ona?"

Nikamweleza niko wapi. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

"Nani kakutuma huko?" Halafu, kwa upole zaidi: "Usizime taa. Soma Ayatul Kursi. Na ukiitwa usiku, usiitike."

Nikafanya yote. Mbao zilianza kulia mara tu joto lilipopungua, ko, ko, kimya, ko. Nyumba ya mbao hulia hivyo popote, lakini saa nane usiku elimu hiyo huwa imelala. Nimejifunika gubigubi, nikasikia jina langu. Taratibu, kwa sauti nyembamba. Sikuitika. Likaja tena. Nikaendelea na Ayatul Kursi. Mara ya tatu nikafunuliwa shuka.

"Wewe! Nakuona wapepesa macho, na huitiki?"

Alitaka nimsindikize chooni.

Baada ya hapo usingizi ukanipaa kabisa. Taa inawaka, shoga kageukia ukutani kanuna, mimi natazama dari na kurudia faili langu. Chloe ana jina, ana kilemba, ana hata picha ya 1992 inayouzwa kama kadi ya posta. Alichokosa ni karatasi. Waliolima pamba huku wana karatasi. Sensa ya 1850 na ya 1860 zilikuwa na orodha za watumwa, na jina linaloandikwa humo ni la mwenye mali. Chini yake ni mistari tu: umri, mwanamume au mwanamke, rangi. Mwanamke, miaka 30. Mtoto, mwaka mmoja. Kazini kwetu mgonjwa akiletwa na faili la namna hiyo huruhusiwi kumpa hata panadoli. Mama alinikataza kuitika nikiitwa. Mimi je, ningetaka kuita, ningemwita nani?

Nililala kidogo alfajiri. Wakati wa kushuka nilikikanyaga kidato cha kumi na saba, kwa mguu wa kulia.

Garini shoga hakusema neno mpaka Baton Rouge.

"Simama hapo mbele," akasema. "Nataka chai. Na walipa wewe."