Kuendesha kikao cha kwanza cha Dungeons & Dragons kwa wageni

Huu ni mchezo wa kusimulia hadithi mezani: mwendeshaji anaeleza yanayotokea, kila mchezaji anaamua mhusika wake atafanya nini, na dadu ya pande 20 huamua kama amefaulu. Mgeni wake hahitaji kujua sheria. Anahitaji kuulizwa "Unafanya nini?", ajibu kwa maneno yake mwenyewe, kisha aone jibu lake limebadilisha kitu. Kikao cha kwanza kikimpa hilo mara nyingi, atarudi. Kikimpa saa nzima ya kujaza fomu ya mhusika, atakwenda zake na hatakuwa na kosa.

Sheria za msingi ni za bure. Mwaka 2023 Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo huu, waliachilia zile za toleo la tano (SRD 5.1) chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hiyo unaruhusiwa kuzipakua, kuzitafsiri na kuzichapisha saiba. Usichapishe zote, ni kurasa mia kadhaa na utahitaji chache tu.

Kinachosumbua zaidi ni dadu ya pande 20. Ya ludo unaipata duka lolote, hii siyo. Programu ya simu inafanya kazi, ila mtu akishashika simu, WhatsApp iko hapo hapo. Napendelea vifuniko 20 vya soda, kama vile vinavyochezewa drafti. Andika 1 hadi 20 kwa maka upande wa ndani, pigia mstari 6 na 9 visichanganywe, kisha tia vyote kwenye mfuko usioonyesha. Kila anayechota arudishe kifuniko na kutikisa mfuko kabla ya mwenzake kuchota. Kisiporudishwa bahati inapinda: 20 ikishatoka, hakuna mwingine atakayeipata. Usijaribu kutumia dadu tatu za ludo badala yake. Jumla yake haivuki 18, na karibu nusu ya mitupo huangukia kati ya 9 na 12, kwa hiyo mshangao wote unapotea. Madhara ya mapigo hupimwa kwa dadu nyingine. Ya pande 4 ni ile ya ludo ukirudia kila 5 na 6. Ya pande 8 ni hiyo ya 4 pamoja na sarafu: upande mmoja unaongeza 4, wa pili hauongezi kitu. Ya 10 itengenezee mfuko wa pili.

Alika watu wanne. Kwenye pambano, kila mtu akichukua dakika mbili na wewe tatu, mchezaji mmoja kati ya wanne husubiri dakika tisa kabla ya zamu yake kurudi. Wakiwa sita anasubiri kumi na tatu, na hapo ndipo watu huanza kupiga soga.

Wahusika uwaandae mwenyewe, sita kwa wachezaji wanne ili hata wa mwisho awe na la kuchagua. Nusu karatasi ya A4 inatosha kila mmoja: jina waachie nafasi, sentensi mbili za yeye ni nani, kinga (namba ambayo anayemshambulia lazima aifikie ili ampate), uhai (madhara anayoweza kupata kabla ya kuanguka), namna mbili za kushambulia, na mambo matatu anayoyaweza kuliko wengine. Mpiganaji mwenye ngao ana kinga 18 na uhai 12. Mchawi ana uhai 7. Tofauti hiyo iseme kwa sauti wakati wa kuchagua, maana mgeni anayechukua mchawi bila kujua hukimbilia mbele na kuanguka wa kwanza.

Fundisha kanuni moja tu: chota namba, ongeza nyongeza iliyo kwenye kadi, fikia kiwango. Vitabuni jambo rahisi ni 10, la wastani 15, gumu 20. Lakini 15 hiyo ya "wastani" ni kali: asiye na nyongeza hufaulu asilimia 30, mwenye +5 asilimia 55. Kwa wageni tumia 12, ambapo wanapata 45 na 70. Mtu akitoa wazo zuri, mruhusu achote mara mbili na kuchukua namba kubwa. Hakuna zawadi inayomfundisha mtu kufikiri ndani ya hadithi haraka kama hiyo.

Na usiitishe namba kwa kila kitu. Mchezaji akisema, "Naitafuta ile kamba ya nanga niione imekatwa vipi," na hakuna hatari yoyote, mpe: ameipata, nyuzi zimetafunwa, hazikukatwa kwa kisu. Ukificha dalili hiyo nyuma ya namba, wanne wote wanaweza kushindwa na hadithi ikasimama wima. Kama lazima wachote, basi kushindwa kuwe na gharama: kamba ameiona, ila taa imemponyoka na kutumbukia majini.

Kuhusu hadithi yenyewe, hapa Kisumu tuna utajiri usiohitaji majumba ya mawe ya Ulaya. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kwa hiyo mchezaji anajua bila kuelezwa kwa nini mashua ziko ziwani saa saba usiku, na kwa nini taa ikizimika ni balaa. Usianze na historia ya falme. Anza hivi: "Mashua yenu imenasa kwenye magugu maji. Taa za wenzenu zinazimika moja baada ya nyingine, zikielekea kwenu. Kitu kizito kinasogea chini ya magugu." Kisha mtazame mtu mmoja, mtaje kwa jina la mhusika wake: "Unafanya nini?" Swali likielekezwa kwa meza nzima, hujibiwa na yule yule mwenye sauti kubwa. Ukilielekeza kwa mkimya, mpe njia mbili wazi achague, na ukubali pia ya tatu akiibuni. Kwa sehemu ya pili, mawe yaliyopandana ya Kit Mikayi ni ramani tayari, yenye nyufa za kupenya na mahali pa kuvizia.

Kabla ya hayo, uliza kila mtu peke yake jambo asilotaka kulisikia mezani. Mji huu una watu waliopoteza jamaa ziwani. Kama yupo kati yao, hamishia hadithi nchi kavu. Weka pia karatasi yenye alama ya X katikati ya meza. Anayeigusa, jambo hilo linarukwa, hakuna maswali.

Pambano la kwanza huharibika kwa sababu mapigo mengi hukosa. Mwenye +5 humpata goblin, kijitu kiovu cha vitabuni (kinga 15), asilimia 55 tu. Fisi (kinga 11, uhai 5) humpata asilimia 75 na mara nyingi pigo moja humwangusha. Fisi wanne ufukweni ni mwanzo mzuri. Mamba awe wa mwisho: kinga 12, uhai 19, ung'ato wa dadu ya 10 ukiongeza 2. Mchawi mwenye uhai 7 ana nafasi ya asilimia 60 ya kuangushwa na ung'ato mmoja ukimpata. Ung'ato wa namba 20, ambapo dadu inatupwa mara mbili, unaweza kumuua papo hapo kwa sheria ya madhara makubwa: yanayobaki baada ya uhai kuisha yakifikia uhai wake wote, anakufa. Siku ya kwanza usiitumie sheria hiyo. Lakini mamba peke yake mbele ya watu wanne hamalizi raundi ya pili. Usimwongezee uhai, ongeza tatizo: mashua inaingia maji na itazama baada ya raundi tatu, kwa hiyo mtu lazima ayakumbe maji wakati wengine wanapigana.

Panga muda wa saa tatu, na umalize kabla ya giza ili wanaopanda matatu wasiwe wanatazama saa. Dakika 20 za kadi na kanuni, saa mbili za hadithi zenye mapumziko ya chai, na nusu saa ya mwisho kwa mamba. Ukiona muda unakimbia, ruka fisi, wala usiruke mamba. Mwishoni kusanya kadi zote, andika nyuma ya kila moja uhai uliobaki na kile mhusika anachotaka kufanya baadaye, na mkubaliane tarehe ya kikao kijacho kabla mtu yeyote hajasimama.