Utando Ulioharibiwa na Umande

Aprili 1998 nilirudi Wete kutoka masomoni Ujerumani nikiwa na kigae cha oksidi ya magnesi chenye upana wa sentimita 1, na juu yake utando mweusi wa itriamu, bariamu, shaba na oksijeni, ambao unene wake haukufika sehemu moja ya elfu ya milimita, na ambao ukipozwa sana hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Ulikuwa umesalia kati ya mingi niliyoiharibu. Katika sputaringi, njia niliyoutengenezea, ioni za gesi ya argoni, yaani atomu zenye chaji, huigonga sahani ya oksidi ya metali hizo na kuzibandua atomu, zikaenda kutua juu ya kigae kilichopashwa moto zaidi ya nyuzi 700. Lakini oksijeni yenye chaji hasi nayo hufyatuka kutoka kwenye sahani hiyohiyo, ikaupiga utando unaojengeka na kuuchopoa shaba na bariamu. Miezi 4 ilinipotea hivyo, hadi nilipokihamishia kigae pembeni, nje ya njia ya mapigo, na kuujaza mtambo oksijeni wakati wa kupoza polepole.

Ami yangu, bwana mifugo, alikuwa na mtungi wa naitrojeni oevu wa kuhifadhia mbegu za madume ya ng'ombe.

"Nipe lita moja tu, Ami."

"Mbegu zangu zikifa, mwanangu, utawaeleza wewe wenye ng'ombe," alisema, na bado akanipa.

Alhamisi usiku tuliuzamisha utando barazani, kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, na ukinzani wake wa umeme kwenye mita ukaanguka mpaka sifuri. Ami alinitaka nirudie, nikarudia. Kila nilipoutoa uliota barafu nyeupe, kisha matone ya maji, nami nikaufuta kwa kitambaa na kuulaza juu ya pamba ndani ya kibiriti, huku mvua ya masika ikinyesha siku ya tatu mfululizo. Maabara niliyoizoea ilikuwa na hewa kavu. Sikuwahi kulazimika kuuogopa umande.

Jumatatu, mbele ya wanafunzi wa skuli, mita ilishuka, ikakwama mbali na sifuri, na haikuteremka tena. Nilipoutazama utando kwa kioo cha kukuzia niliona madoa meupe: bariamu ilikuwa imekwisha kunywa maji. Sikupata la kuwaambia, nikaimwaga naitrojeni iliyobaki juu ya sakafu ya saruji, ikachemka na kutoa ukungu uliowafikia miguuni, wakashangilia kwa makelele hata mwalimu wao akashindwa kuwanyamazisha.