Siku Moja na Sindano Zangu: Mshona Kofia wa Lamu Mwenye Kisukari

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, baada ya kuswali, niliketi ukingoni mwa kitanda nikajitoboa ubavuni mwa kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Nimekichagua kidole hicho kwa sababu vidole vya mkono wa kushoto ndivyo vinavyokaa chini ya kitambaa ninaposhona kofia, nami sipendi kuviongezea matundu. Kijikaratasi cha kupimia kikalinywa tone la damu, na mashine ikaonyesha sukari ya milimoli 8.2 kwa lita. Daktari wangu ameniwekea lengo la kati ya 4 na 7 kabla ya kula, kwa hivyo nilihisi kuwa wali niliouongeza kwenye karamu ya jirani usiku uliopita ulikuwa bado unanidai.

Insulini ninayoitumia naiweka ndani ya chungu kidogo kilichotiwa katika chungu kikubwa, na katikati yake mna mchanga ulioloweshwa maji, kwa sababu joto letu la Lamu huiharibu dawa hii. Vichupa ambavyo havijafunguliwa viko kwenye friji ya kaka yangu, mbali na sehemu ya kugandishia. Nilikiviringisha kichupa viganjani polepole, bila kukitikisa, mpaka dawa yote ikawa nyeupe kama maziwa, kisha nikajidunga tumboni, upande ambao sikuutumia jana.

Saa kumi na mbili na nusu nilikula mbaazi za nazi kwa hamri moja, na chai isiyo na sukari. Zamani nilikula mahamri manne bila kufikiri, nikidhani kwamba kisukari ni ugonjwa wa wapenda halua tu, ilhali unga na wali navyo hugeuka sukari mwilini. Nilipomaliza nilimeza metformini, kidonge cha kupunguza sukari, ambayo huwa haisumbui tumbo sana ikifuata chakula.

Kabla ya kuvaa viatu nilivikung'uta, kisha nikatazama nyayo zangu kwa kioo cha mkononi, na kila upenyo wa kidole. Jambo hili siliruki hata siku moja. Miaka mitatu iliyopita nilitembea kutwa nzima, kutoka mtaa wa Langoni hadi mtaa wa Mkomani na kurudi, huku kipande cha tumbawe kimo ndani ya kiatu, na sikuhisi chochote. Jioni nilipovua kiatu ndipo nilipoona damu. Kidonda kile kilichukua miezi miwili kupona, na muuguzi aliyekuwa akikisafisha aliniambia kwamba sukari iliyozidi kwa miaka mingi huidhuru mishipa ya fahamu ya miguu, na pia huidhoofisha mishipa ya damu, hivyo mtu huumia bila kujua na kidonda hakichelewi kuoza.

Saa mbili na nusu nilikaa dakani, penye mwanga, nikaendelea na kofia ya viua ambayo mteja anaihitaji kwa harusi. Kila kiua ni kitundu kinachozungushiwa uzi, na kofia moja ina mamia yake. Jicho likikosea kidogo, safu nzima hupinda. Macho yangu ndiyo yaliyonipeleka hospitali mwanzoni, miaka 11 iliyopita, kwa kuwa yalikuwa yakiona ukungu siku hii na kuona vyema siku ile. Nilidhani ni uzee. Kumbe sukari inapopanda na kushuka lenzi ya jicho nayo hubadilika, na nyuma ya jicho vijishipa vyembamba huweza kuvuja damu kimyakimya. Sasa kila mwaka natiwa matone ya kupanua mboni nikakaguliwe, na siku hiyo sishoni kabisa.

Binti wa kaka yangu, ninayemfundisha kazi, aliniuliza, "Shangazi, insulini hasa inafanya nini?" Nilimwambia afikirie gatini: sukari ni shehena, damu ndiyo gati, na insulini ndiyo hamali wanaoipeleka majumbani. Wenye kisukari cha aina ya kwanza hamali wao karibu wote wametoweka. Sisi wa aina ya pili hamali wanabisha lakini milango haifunguki upesi, na miaka ikienda nao hupungua. Shehena ikabaki gatini, ikaharibu gati lenyewe.

Saa sita na nusu adhuhuri nilikuwa nimezama kazini na chakula kimechelewa. Mkono ulianza kutetemeka, jasho likanitoka shingoni, nikakosa tundu la sindano mara mbili. Nikapima: 3.3. Binti alinikorogea vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, nikanywa, tukasubiri dakika 15, nikapima tena ikawa 5.1, ndipo nikala. Kosa lilikuwa langu, kwa maana insulini ya asubuhi hufanya kazi hadi mchana na haimngojei mtu amalize safu yake ya viua.

Alasiri alikuja mama mmoja wa mtaani, mtu mzima ninayemheshimu sana, akanishauri niache sindano ninywe mwarobaini, kwa kuwa uchungu huua utamu. Nilimjibu kwa adabu kwamba uchungu ulimini haufuti sukari iliyomo damuni, na kwamba kipimo changu cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kilikuwa zaidi ya asilimia 10 nilipoanza matibabu, nacho sasa ni 7.4. Nilimsihi pia akapimwe mkojo na shinikizo la damu, maana yeye mwenyewe ana kisukari, na figo huanza kuharibika bila maumivu yoyote. Hakunijibu, lakini aliniuliza kliniki hufunguliwa siku gani.

Saa kumi na mbili jioni nilijidunga tena. Baada ya nusu saa nikala samaki wa kuchoma, mchicha, na wali wa kiasi cha ngumi yangu. Kisha mimi na binti tukatembea ufuoni mwa mji hadi uwanja wa Mkunguni, polepole, tukiwapisha punda.

Saa tatu usiku mashine ilionyesha 7.6. Binti aliiandika daftarini chini ya 3.3 ya mchana, akaipigia mstari ile ya mchana kwa kalamu nyekundu ili daktari aione, kisha akafunga vijiko vitatu vya sukari katika kikaratasi na kukiweka ndani ya kikapu changu cha nyuzi.